Waya wa Njano

Kitaluni, 3 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua ianze na salamu ndefu, hali ya hewa, hali ya nyumbani, ndipo mtu aseme shida yake. Nisamehe, leo nitaruka. Nimekasirika tangu jana, na dereva wa lori la kokoto anaondoka saa sita, kwa hiyo naandika juu ya pipa la mbolea.

Injini ya pampu imekufa. Mama Mkubwa anasema nimeiua mimi.

Ilikuwa jana saa nne asubuhi, tangi likiwa limefika nusu. Nikasikia mlio umebadilika, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko ndani ya kabati, ko, ko, ko. Kabla sijafika kwenye swichi ikapiga kishindo kimoja na kunyamaza. Nilipovuta kamba ya kuwashia haikuja hata kidogo. Ilikuwa kama kuvuta mzizi wa mti.

Mjomba, nilipima oili asubuhi ile. Nilipima kama ulivyonifundisha kabla hujaondoka kwenda kambi ya kokoto: injini ikiwa baridi, nachomoa kijiti, nafuta kwa kitambaa, nakirudisha, nachomoa tena, nasoma. Nilipima pale pale ukingoni mwa kijito ulipoihamishia maji yaliposhuka, kwa sababu uliniambia nisiinyanyue, mpira wa maji utachomoka. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu. Daftarini nina mistari arobaini na moja, mmoja kwa kila asubuhi, na yote inasema "imejaa". Sijawahi kutia petroli injini ikiwa ya moto. Nangoja ipoe, hata Dada Redio anaponipigia kelele kutoka kule anakojaza udongo kwenye viriba vya miche: "Wewe mtoto, miche inakufa kiu, unapoza chuma kama chai ya mgeni!" Kila Jumamosi naosha sponji ya kichujio cha hewa kwa maji ya sabuni. Nani mwingine hapa anaosha sponji?

Mama Mkubwa alisimama juu ya ukingo, mikono kiunoni, akasema mbele ya wafanyakazi wote tisa:

"Hawa ndio watoto wa vyeti! Mashine imekaa na ndugu yangu miaka mitatu haikupiga hata chafya. Imekaa na wewe wiki sita, marehemu!"

Wakacheka. Dada Redio akaongeza, "Mpeni na jembe tuone litadumu siku ngapi."

Nilitaka kusema. Unanijua. Wakinitazama watu zaidi ya wawili ulimi wangu unaganda. Nikabaki nimeshika kitambaa cha oili, nikaonekana mwenye hatia kabisa.

Amenichukua ile spana ya plagi uliyonipa. Ameitundika kwenye msumari ofisini kwake, juu ya kalenda. Mwezi ukiisha, anasema, nirudi kwa mama, aletwe mtu anayejua kazi. Sasa tunabeba maji kwa ndoo. Miche ni elfu nne na mia mbili, na safu za juu zimeanza kulegea majani.

Najua huko kambini simu haishiki. Hata ingeshika, simu ya hapa ni ya Mama Mkubwa, na mtu huongea wote wakisikia. Kwa hiyo naomba kwa barua jambo moja tu: mwandikie dada yako, umwambie kwamba ulinifundisha vizuri na nilifuata.

Mpwa wako,
wa pampuni


Kambini, 8 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na harufu ya mbolea, nikajua ni ya kwetu kabla sijaifungua. Dereva anasema ulimkabidhi kwa mikono miwili kama unampa mtoto mchanga.

Pole sana. Lakini usijitie presha bure. Injini ni kama binadamu, ina siku yake. Ikifika imefika. Na dada yangu unamjua, ni moto wa makaratasi: unawaka mpaka darini, ukigeuka hivi umekwisha. Muombe radhi yaishe. Hata kama hukukosa, radhi haimpunguzi mtu kimo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Jambo moja tu la maana. Mtu yeyote asiifungue hiyo injini. Hasa yule fundi wa pikipiki wa pale kwenye kona, ambaye kila kitu hukifungua kwa nyundo. Ifunikeni turubai. Nitakuja Juni niifungue mwenyewe kwa utaratibu.

Kuhusu kumwandikia Dada, kazi zimenizidi hapa. Nitatafuta nafasi.

Mjomba wako,
Fundi


Kitaluni, 11 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechelewa siku moja. Fundi wa pikipiki ameshaifungua, Mama Mkubwa ndiye aliyemwita, na nyundo hakuitumia hata mara moja. Alitandaza gunia, akapanga kila nati kwa mstari, akaniruhusu nikae karibu.

Mkono wa pistoni umekatika vipande viwili. Chuma kimekuwa cha buluu kwa joto, kama mgongo wa nzi. Fundi alikigeuzageuza, akasema, "Hii imekaushwa. Imekimbia bila oili." Mama Mkubwa akanitazama. Nikafungua daftari nikamwonyesha mistari yangu arobaini na moja. Akasema, "Kalamu haina kiapo, mwanangu."

Kalamu haina kiapo! Mjomba, nilitaka ardhi ipasuke, lakini immeze yeye na si mimi. Nisamehe, ni dada yako.

Sasa sikiliza. Fundi alipoinua injini, chini yake tukaona waya wa njano. Alinieleza kazi yake. Ndani, kule oili inakokaa, kuna kifaa kidogo. Oili ikipungua, kifaa kinapeleka habari kwa waya huo na injini inajizima yenyewe kabla haijajiumiza. Mlinzi kabisa. Na waya huo umekatwa. Haukuchakaa wala kuliwa na panya. Umekatwa kwa kisu, ncha ikafungwa tepu nyeusi, na juu ya tepu ukazungushwa uzi mweupe wa kushonea, ukafungwa fundo. Kazi safi, ya mkono uliozoea.

Mama Mkubwa anasema ni mimi. "Si wewe unayeipapasa kila asubuhi na kitambaa chako?" Dada Redio ametangaza hadi kwa wauza mkaa ng'ambo ya barabara kwamba msomi amekata mishipa ya mashine.

Ni nani anaweza kufanya hivyo? Mtu anamfunga mdomo mlinzi, kisha anakwenda zake kulala, na anayesimama mbele ya watu tisa ni mimi! Mtu huyo ni mwoga. Wewe unaijua mashine hii kuliko sisi wote, na unajua nani alikuwa anaigusa kabla sijaanza kazi. Nisaidie nimpate. Zimebaki siku ishirini.

Leo nimebeba ndoo sitini na nne. Radhi sijaomba.

Mpwa wako,
wa ndooni sasa


Kambini, 17 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Naandika kwa haraka.

Waya ni waya tu. Injini nyingi za zamani hazikuwa na kifaa hicho na zilichapa kazi miaka kumi. Usianze kutafuta mchawi, maana utagombanisha watu bure. Na hayo ya tepu usiendelee kuyaongea kwa Dada. Yaache yalale.

Nimekutumia plagi mpya kwa mkono wa dereva, mpe fundi aifunge injini ikipona. Pia nimeongea na mpishi wa hapa kambini. Anahitaji msichana wa kumsaidia jikoni. Kazi si mbaya, na hakuna wa kukusema. Mwezi ukiisha, njoo na lori hili hili.

Mjomba wako,
Fundi


Kitaluni, 19 Machi

Mjomba,

Sikuamkii leo. Nikikuamkia nitakuwa nadanganya.

Plagi imefika. Umeiviringisha kwenye kitambaa, ukafunga tepu nyeusi, na juu ya tepu ukazungusha uzi mweupe wa kushonea mara tatu, ukapiga fundo. Niliutazama mzigo huo magotini mwangu mpaka dereva akaniuliza, "Vipi dada, kuna msiba?" Nikakumbuka mkono wa miwani ya mama ulivyofungwa. Nikakumbuka mpini wa nyundo yako. Vyote vina uzi mweupe juu ya tepu.

Ni wewe.

Nilikuandikia kwamba aliyekata waya ni mwoga, ukasoma, ukanijibu "waya ni waya tu". Uliniambia niombe radhi. Niombe radhi kwa kosa lako! Na unanitafutia kazi jikoni, unihamishe mimi mzima, na sanduku langu na godoro langu, ili wewe usiandike mistari mitatu.

Nimeijua na sababu, hakuna haja ya kunificha. Jana nilichukua chupa ya plastiki, nikatia maji nusu, nikailaza pale ukingoni ilipokuwa inakaa injini. Maji yote yakakimbilia upande wa kijitoni. Nikamwita fundi wa pikipiki aone. Akacheka peke yake, akasema, "Basi na oili ilifanya hivyo hivyo." Kijiti cha kupimia kiko upande wa chini. Kifaa cha waya wa njano kiko upande wa juu. Upande wangu oili ilikuwa imejaa kweli kila asubuhi. Upande wa pili pakavu. Injini ilipokuwa inajizima mikononi mwako, maana sababu nyingine ya kukata waya siioni, haikuwa na kiburi. Ilikuwa inakwambia umeiweka vibaya. Ukaikata ulimi, kisha ukanifundisha kupima oili pale pale kwenye mteremko, na ukaniita mpwa mwerevu.

Uliniandikia nifunike kombe. Mimi nina methali nyingine, tuliifanyia insha darasani: ukubwa ni jaa. Jaa ni pale takataka zinapotupwa, na ni mkubwa anayezipokea, Mjomba. Hazimwagwi kwa mdogo.

Ninao waya. Ninao mzigo wako. Ninaweza kuviweka pamoja juu ya meza ya Mama Mkubwa, na sitahitaji kusema hata neno moja, kitu ambacho kingenifaa sana. Lakini sifanyi. Nataka useme wewe. Lori linarudi tarehe ishirini na sita. Lisipokuja na barua yako kwa dada yako, nitaondoka hapa kwenda kwa mama, si kwako, na ukija Juni usiniulizie.

Mpwa wako, kwa sababu hilo haliwezi kubadilishwa


Kambini, 24 Machi

Dada yangu,

Nakusalimu. Usishangae kuona mwandiko wangu, najua hujauona tangu tukiwa shule.

Injini ya pampu nimeiua mimi. Mtoto hana kosa.

Wiki ile ya kuondoka niliihamisha kuyafuata maji. Pale ukingoni pana mteremko, na nilijua. Nilitakiwa kuchonga ardhi na kuweka mawe iwe sawa, kazi ya siku moja. Nikasema nitafanya kesho. Asubuhi ya safari nikaiwasha, ikajizima. Nikaiwasha, ikajizima. Mara ya tatu lori lilikuwa barabarani linapiga honi na wewe uko ndani unafunga chakula changu cha njiani. Nikatoa kisu nikakata waya wa kuizuia. Ikanguruma vizuri. Nilipanda lori nikijisifu.

Halafu mtoto nilimfundisha kupima oili palepale ilipo. Yeye alifuata kila neno. Ubaya ulikuwa kwenye neno langu.

Barua yake ya kwanza ilipofika nilijua mara moja. Nilinyamaza kwa sababu miaka yote unaniita fundi mbele ya watu, na mimi nalipenda jina hilo. Nilifikiri yeye ni mtoto, ni mkimya, yatamwisha. Kumbe ukimya wake una mwandiko.

Daftari lake liamini. Mrudishie spana.

Mdogo wako


Ofisini, 27 Machi
(nyuma ya karatasi ya mbegu, imechomekwa kwenye mlango wa stoo)

Wewe mtoto,

Mjomba wako ameandika. Nimesoma mara mbili.

Spana iko kwenye msumari, ingia uichukue. Mambo ya kurudi kwa mama yako nimeyafuta. Kesho njoo kazini kama kawaida, tusiongee habari hizi tena.

Karatasi hii usimwonyeshe yule Redio.

Mama Mkubwa


Stoo, 27 Machi, jioni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Asante kwa karatasi.

Spana sijaichukua. Uliichukua saa nne asubuhi mbele ya watu tisa. Naomba irudi saa nne asubuhi mbele ya watu tisa. Naandika kwa sababu nikija kusema nitanyamaza, na wewe utadhani nimeridhika.

Sijaridhika.

Mwanao


Kitaluni, 6 Aprili

Mjomba,

Barua yako ilifika. Nakueleza yaliyotokea, kwa sababu una haki ya kujua, si kwa sababu yamekwisha.

Baada ya karatasi yangu Mama Mkubwa alinizungukazunguka siku nzima. Alipita karibu yangu mara nne, kila mara akikohoa. Usiku ule nilipanga nguo zangu sandukuni. Asubuhi yake, saa nne kamili, akagonga debe. Watu wakaacha viriba vyao vya udongo wakaja. Ameshika spana mkono mmoja na barua yako mkono wa pili. Akaisogeza barua mbali, akaileta karibu, akasema miwani ameiacha ndani.

"Soma wewe. Si wewe ndiye msomi?"

Mjomba, niliikunjua karatasi. Mstari wa kwanza niliusoma kwa sauti ya mbu. Nilipofika "mtoto hana kosa", Mama Mkubwa akainua mkono.

"Rudia hapo. Kwa sauti. Huyu Redio hajasikia."

"Nimesikia, nimesikia!" akasema Dada Redio. "Hata kijito kimesikia!"

"Basi kisikie mara ya pili."

Nikarudia. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoitaka, ndege wakaruka juu ya banda. Nikasoma mpaka mwisho, hata pale pa kujisifu kwako kwenye lori, na hapo walicheka sana. Sikukuonea huruma. Mama Mkubwa akanipa spana, akasema, "Nilikusema vibaya na nilikosea. Haya, mmesikia. Mnangoja nini, miche inywe mate?" Naye akaenda ofisini haraka. Miwani ilikuwa mfukoni mwake, niliiona.

Dada Redio aliniletea jembe lake. "Shika. Hili ni gumu, hata wewe hutaliua." Nadhani huko ndiko kuomba radhi kwake.

Jembe hilo nimelitumia. Tumechonga ukingo mimi na fundi wa pikipiki, tukapanga mawe bapa manne, na chupa yangu ya maji ikalala juu yake bila kuegemea popote. Mkono mpya wa pistoni umefungwa. Waya wa njano tumeuunga. Tepu yako niliitoa mwenyewe, na uzi wako nimeuweka ndani ya daftari, ukurasa wa arobaini na moja. Sasa napima oili injini ikiwa imelala sawa, na kabla ya kupima nalaza chupa.

Siku ya tatu, tangi likiwa karibu kujaa, injini ikajizima ghafla. Mama Mkubwa akatoka mlangoni.

"Imekufa tena?"

Watu tisa wakanitazama. Nikasema, "Haijafa. Inasema kitu. Subirini."

Nilingoja ipoe, nikalaza chupa. Maji yalikuwa yameegemea pembe moja. Jiwe la upande wa kijitoni lilikuwa limezama kwa maji yanayovuja kwenye mpira. Nikalinyanyua, nikasukumia kipande cha tofali chini yake, nikakaza mpira, nikapima, nikavuta kamba. Mara ya pili ikawaka. Hakuna mtu aliyetafuta kisu.

Miche elfu tatu na mia nane imepona. Mia nne imekufa, safu zote za juu, zile zilizokuwa mbali na ndoo. Nimeing'oa mmoja mmoja, na viriba vyake vitupu nimevipanga nyuma ya banda. Mama Mkubwa aliagiza wengine wavijaze udongo upya. Nikamwambia viachwe, vina mwenyewe.

Ukija Juni utavijaza wewe, vyote mia nne, kwa mikono yako. Mimi nitakaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikikuhesabia, na nitahesabu kwa sauti. Bado nimekukasirikia. Kazi ya jikoni mwambie mpishi asante.

Shikamoo.

Mpwa wako,
wa pampuni